Mwenye Baridi Yabisi Aulizwe na Masikio



Juma hili tunaanza na kosa letu wenyewe. Kwa muda wa karibu mwaka mzima, mama mmoja wa kigango kimojawapo upande wa Handeni alikuwa akififia mbele ya macho yetu. Alikuwa mtunza hazina wa jumuiya yake, mwanamke wa maneno machache lakini ya uhakika. Kwanza aliomba kupumzishwa uhazina. Kisha akawa haji kwenye sala za jumuiya, na siku alizokuja alikaa kando, akitabasamu pasipo na kichekesho na kunyamaza alipoulizwa jambo. Kitubio akakiacha kabisa. Majirani wakasema ana majivuno tangu mwanawe apate kazi Dar es Salaam. Wengine, kwa kuwa wilaya hii imepewa sifa ya uganga nchi nzima hata kwa yale isiyoyatenda, wakasema amefungwa ulimi. Sisi hatukusema majivuno wala uganga. Tulisema, tena kutoka mimbarini, kwamba wapo waamini wanaojitenga na wenzao wakidhani wokovu ni mali ya mtu binafsi. Hatukumtaja jina. Hapakuwa na haja, kila mtu alijua tunamsema nani. Yeye peke yake hakujua, kwa sababu hakusikia.

Kwamba mama huyu aliumwa baridi yabisi, hilo tulilijua. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kupinda, magoti hayakupigika tena, na kila asubuhi ilipita zaidi ya saa moja kabla mikono haijakubali kushika kikombe. Kwamba masikio nayo yalikuwa yakiondoka, hatukulijua, na mwenyewe hakulisema. Tulipomwuliza baadaye kwa nini alificha, alijibu kwa ufupi: "Baba, mtu akija na ugonjwa mmoja watu humwonea huruma. Akija na miwili humchoka."

Siri hiyo ilifichuliwa na dawa. Mama alikuwa ametoka hospitali moja nje ya mkoa wetu akiwa amepewa vidonge vya methotreksati. Dawa hii ni miongoni mwa nguzo za tiba ya baridi yabisi duniani kote, na imewarudisha wengi shambani na jikoni. Lakini ina sharti moja lisilo na mjadala: kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki, wala si kila siku. Anayeimeza kila siku hujitia sumu. Kinywa hujaa vidonda, uboho hushindwa kutengeneza damu, na mtu anaweza kufa. Sharti hilo mama aliambiwa kwa mdomo, dirishani, kukiwa na foleni nyuma yake na feni ikivuma juu. Bahasha ya dawa iliandikwa tarakimu, kama bahasha zetu nyingi zinavyoandikwa, bila kutajwa siku. Alisikia "mara moja", na sehemu iliyobaki akaijaza mwenyewe kwa kadiri ya dawa nyingine zote alizowahi kumeza maishani. Akaitikia kwa kichwa. Aliyekuwa dirishani akaona kichwa kimeitikia, akamwita anayefuata.

Siku ya sita kinywa kilikuwa kimechubuka kiasi cha kushindwa hata uji. Binti yake aliyeolewa Korogwe alikuwa amekuja kumjulia hali. Akakisoma cheti cha kliniki, akaona limeandikwa neno "wiki", akahesabu vidonge vilivyobaki, akampakia mama yake katika gari la kwanza lililopatikana. Mama alipona. Tunamshukuru Mungu, na tunamshukuru binti aliyehesabu vidonge.

Hatuandiki haya ili kumsaka mhudumu yule. Tunaandika kwa sababu, baada ya mkasa huo, tulisoma na kuuliza kwa waganga, tukagundua kwamba jambo tulilolidhania bahati mbaya ya mtu mmoja lina mizizi ndani ya ugonjwa wenyewe.

Tuanze na jina. Kwa watu wetu, baridi yabisi ni kila maumivu ya viungo. Yabisi maana yake ni kikavu, na jina hilo linanukia tiba ya kale iliyoyagawa maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Ni jina zuri, ila limetwishwa mzigo mkubwa mno. Goti la mzee lililochakaa kwa miaka ya jembe huitwa baridi yabisi. Na ugonjwa tunaousema leo, ambao kinga ya mwili huwageukia wenyeji wake na kuushambulia utando wa viungo, nao huitwa hivyo hivyo. Huu wa pili huanza mara nyingi kwenye vidole na vifundo vya mikono, pande zote mbili kwa pamoja, na hauletwi na baridi ya Lushoto wala kulala sakafuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani waliishi nao, na asilimia 70 hivi yao ni wanawake. Ndiyo maana katika tafakari hii tunasema "mama" mara nyingi kuliko "baba".

Sasa sikio. Nyuma ya kiwambo kuna mifupa mitatu iliyo midogo kuliko yote mwilini, ambayo wanafunzi wetu hufundishwa majina yake: nyundo, fuawe na kikuku. Mifupa hiyo imeunganishwa kwa viungo, na viungo hivyo vina utando na ute kama vya goti na vya kidole. Tulipoelezwa hili tulishangaa, ingawa hapana cha ajabu: panapo kiungo cha namna hiyo, ugonjwa wa viungo una mlango. Hata hivyo, waganga wanasema madhara makubwa zaidi huonekana ndani zaidi, katika kile kijumba kilichojizungusha kama konokono ambamo sauti hugeuzwa kuwa ujumbe wa mishipa ya fahamu. Huko inadhaniwa kwamba kinga iliyopotoka na uvimbe wa vijishipa vya damu hufanya kazi yao taratibu, bila maumivu, kwa miaka. Tafiti za nchi mbalimbali zimetofautiana mno. Nyingine zilikuta tatizo kwa robo ya wagonjwa, nyingine kwa zaidi ya nusu, maana vipimo na umri wa waliopimwa havikulingana. Mwelekeo lakini ni mmoja: wenye ugonjwa huu hupoteza usikivu kuliko wenzao wa umri ule ule.

Na kinachotangulia kupotea mara nyingi ni sauti nyembamba. Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo tulipomwelewa mama yule. Mtu wa namna hii hakai katika kimya. Anasikia kwamba unazungumza, anasikia irabu zako, anasikia sauti ikipanda na kushuka. Kinachomponyoka ni zile herufi za pumzi na za ncha ya ulimi, s na f, t na k. Lugha yetu, yenye irabu tele, humdanganya kwamba amesikia. Tulipomwuliza kisa cha kuacha uhazina, alituambia kwamba mara mbili mwanajumuiya alitangaza mchango wa shilingi elfu sitini, yeye akaandika elfu tisini. Sitini na tisini! Itamkeni polepole, muone kinachozitofautisha. Mara zote mbili alijazia pengo kutoka mfukoni mwake, kisha akajiuzulu kabla hajaitwa mwizi. Nasi tulikuwa tukihubiri juu ya kujitenga.

Kwa mtu huyu kupaaza sauti si msaada mkubwa. Ukimpigia kelele, irabu zinakuwa kubwa zaidi na konsonanti zinabaki pale pale zilipopotelea. Tunakiri kwamba tulipoongeza vipaza sauti kanisani tulijisifu kuwa tumewakumbuka wazee. Kumbe tuliwaongezea mwangwi.

Watu wa Handeni na Korogwe, zaidi ya wengine, hawahitaji kufundishwa kwamba hata dawa hugusa masikio. Ni nani mwenye umri wa kutosha ambaye hakutibiwa malaria kwa kwinini akasikia nyuki kichwani? Mti wenyewe hauko mbali nasi: kule Amani, katika Usambara ya Mashariki, Wajerumani waliotesha mikwinini, na katika Vita Kuu ya Kwanza, meli zilipozuiwa, walitengeneza kwinini yao huko huko. Klorokwini, iliyowawasha ngozi wengi wetu, ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mpaka mwaka 2001 ilipoondolewa kwa kuwa vimelea viliizoea. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, hutumika leo kutibu baridi yabisi. Inajulikana zaidi kwa kuhitaji macho yaangaliwe, lakini wapo wachache walioripotiwa kuathirika masikio. Nayo aspirini, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa tegemeo la wagonjwa hawa, ikimezwa kwa kipimo kikubwa huleta mvumo masikioni na kupunguza usikivu. Zamani waganga wengine walikuwa wakipandisha kipimo mpaka mgonjwa aseme masikio yanavuma, ndipo wanajua wamefika. Kwa kawaida hali hiyo hutulia kipimo kikishushwa. Tatizo ni mgonjwa anayetoka kliniki na dawa zake, halafu maumivu yanapomzidi usiku anaongeza nyingine za duka la dawa muhimu, na hakuna anayejua jumla ya alichomeza.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatumshauri mtu yeyote aache dawa kwa sababu amesoma ukurasa huu. Baridi yabisi isiyotibiwa huvila viungo bila kurudisha kilicholiwa, na dawa hizi, zikimezwa sawasawa, faida yake ni kubwa kuliko hatari yake. Anayesikia mvumo masikioni ampelekee mganga habari hiyo, pamoja na vidonge vyote alivyo navyo nyumbani, hata vile vya jirani.

Wala si kila uziwi wa mwenye baridi yabisi umeletwa na baridi yabisi. Korogwe ni nchi ya mkonge. Wapo wazee waliosimama miaka mingi kando ya korona, ile mashine ya kuchakata majani, na masikio yao yaliondokea pale. Wapo waliochomwa sindano za kifua kikuu za miaka iliyopita, ambazo baadhi yake zilijulikana kudhuru usikivu. Uzee nao hauombi ruhusa. Na wapo, tena si haba, ambao sikio limezibwa na nta tu, jambo linaloondolewa kituo cha afya kwa dakika chache, ilimradi mtu asijitangulize kwa njiti ya kiberiti. Ndiyo sababu tunasema aulizwe na achunguzwe, asihukumiwe.

Linalotusikitisha zaidi ni namna magonjwa haya mawili yanavyosaidiana kumfungia mtu ndani. Kiziwi mwenye vidole vyepesi huandika ujumbe kwa simu. Huyu wetu vidole havimruhusu. Mwenye vidole vilivyopinda lakini mwenye masikio hupiga simu na kuongea. Huyu wetu anasikia mlio bila maneno. Kwa hiyo simu anaishika mjukuu, na namba ya siri ya pesa anaijua mjukuu, na salio analijua mjukuu. Hata kifaa cha kusaidia kusikia, kwa mwenye uwezo wa kukinunua, kina betri ndogo kama punje ya mbaazi, ambayo vidole hivyo haviwezi kuigeuza. Wanaowapimia wagonjwa hawa vifaa hawana budi kuitazama mikono yao kwanza, kisha wawape kile kinachokaa nyuma ya sikio chenye vitufe vikubwa, au cha kuchajiwa kisichodai betri mpya kila mara. Tumeambiwa pia kwamba ugonjwa huu unaweza kukishika hata kiungo kidogo kilichomo kooni kinachoendesha sauti, mtu akabaki na sauti ya kukwaruza. Basi hata kujibu kunamchosha.

Tunatambua jibu tutakalopewa, kwamba wahudumu ni wachache, foleni ni ndefu, na uziwi wa sikio la ndani aghalabu hauponyeki, kwa hiyo kuna faida gani kuutafuta? Hoja ya uchache tunaiheshimu. Tumekaa katika foleni hizo. Hoja ya kutoponyeka tunaikataa. Hatuutafuti uziwi ili tuuponye tu. Tunautafuta ili tujue namna ya kusema na mtu. Mama yule hakuhitaji sikio jipya ili asidhuriwe na methotreksati. Alihitaji bahasha iliyoandikwa "kila Jumapili".

Na hilo halina gharama. Dawa ya mara moja kwa wiki itajwe kwa jina la siku, iandikwe kwa herufi kubwa, na mgonjwa aombwe arudie kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Kutikisa kichwa kusihesabiwe kuwa jibu. Mwenye baridi yabisi, kila aendapo kliniki, aulizwe kama runinga imeongezwa sauti nyumbani, kama hupotea katika mazungumzo ya watu wengi, kama masikio yanavuma. Lipo na jaribio la kunong'ona, ambalo mhudumu hulifanya bila chombo chochote: anasimama nyuma ya mgonjwa kwa urefu wa mkono, sikio moja likiwa limezibwa kwa kidole, ananong'ona tarakimu na herufi chache, na mgonjwa anazirudia. Halitoshi kwa uamuzi wa mwisho, ila linamtambua anayestahili kupelekwa mbele. Huko mbele ndiko kwenye shida, maana kipimo kamili cha usikivu kwa watu wetu kimezoeleka kuwa safari ya Muhimbili au ya KCMC kule Moshi, na nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji wake ni debe kadhaa za mahindi.

Hapa tunapenda kuwakumbusha viongozi wa wilaya zetu jambo la heshima. Korogwe ni moja ya sehemu mbili za Tanzania ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa katika hatua yake ya tatu kati ya 2009 na 2014. Ya pili ilikuwa Bagamoyo. Mama zetu waliwapeleka watoto wao, damu zikapimwa, homa zikahesabiwa moja moja, na dunia ikajifunza kutokana na hesabu hiyo. Wilaya iliyoweza kuhesabu homa kwa uangalifu wa namna ile haiwezi kutuambia kwamba kuhesabu masikio ya wagonjwa wa viungo ni kazi isiyowezekana. Ianze na rejesta moja tu, katika kliniki moja, kwa mwaka mmoja.

Sisi nasi tumeanza kwetu. Mama alikiacha kitubio kwa sababu rahisi: ili atusikie ilibidi tupaaze sauti, na tungepaaza sauti foleni nzima ingesikia ushauri wetu na kukisia dhambi zake. Kwa muda wote ule hatukuwahi kujiuliza. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 990, inaruhusu hata mkalimani katika maungamo, sembuse chumba chenye mlango! Siku hizi tunawaungamisha wazee sakristia, mlango umefungwa, tukiwa tumeketi uso kwa uso mahali penye mwanga, ili midomo yetu ionekane, na karatasi ipo mezani kwa anayetaka tumwandikie, naye huichukua na kuichoma mwenyewe. Matangazo ya Jumapili yanabandikwa mlangoni. Katika jumuiya mbili tumeomba wanaozungumza wazungumze mmoja mmoja, jambo ambalo, tukiri, limekuwa gumu kuliko yote.

Mama yule yu mzima. Anakaa benchi la mbele upande wa kushoto, maana sikio la kulia ndilo lenye afadhali, na vidonge vyake anavimeza kila Jumapili baada ya Misa, katekista akimwonyesha kidole kimoja kutoka mlangoni naye akijibu kwa kimoja. Uhazina tumemwomba aurudie. Amesema kwanza tumwandikie hesabu za mwaka mzima kwenye karatasi, aone tulivyozitunza.